Lita Sitini

Miaka thelathini na mmoja nilikagua lifti za Ostrava.
Kazi yangu yote ilikuwa kibati kidogo na skrubu nne:
WATU WANNE AU KILO MIA TATU NA ISHIRINI.
Kwa kibati hicho nimewateremsha maharusi,
nimemteremsha padri,
na mara moja nikakataza jeneza, likashuka ngazi kwa mabega.
Kamba ya chuma haijui nani kaoa leo,
nilikuwa nikisema.

Tangi lilikuwa la Zdislava.
Lita sitini, samaki tisa, konokono asiyehesabiwa.
Kila Jumapili ndoo moja na nusu ikitoka, moja na nusu ikiingia,
maji ya bomba yamelazwa usiku kucha, klorini iende zake,
na chai yangu ikisubiri zamu nyuma ya samaki.

Tulipomzika, watu hawakuleta maua.
Walikumbuka alichopenda.
Bibi Hrubá wa ghorofa ya pili: gupi sita kwenye mfuko wa nailoni,
kaufumbata ndani ya koti wasishikwe na baridi.
Otakar, mpwa wangu: kambare watatu wenye masharubu.
Mwalimu Slavíček: samaki wa dhahabu mwenye tumbo la diwani.
Ningemwambiaje mtu, mlangoni, theluji mabegani mwake,
kwamba lifti imejaa?

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wageni walikuja. Wenyeji wakapanda juu,
midomo kwenye ngozi ya maji,
wakitafuta pumzi kama wazee waliofika ghorofa ya saba kwa miguu.
Nikadhani ni njaa.
Nikawapa chakula. Wakala. Nikawapa tena.
Ilikuwa meza pekee nyumbani iliyobaki na walaji.

Siku ya kumi na moja tangi lilikuwa maji ya kuoshea mchele.
Nikasugua sifongo ya chujio kwa sabuni na maji ya moto
mpaka ikang'aa.
Msafi mimi! Kumbe nimewaua vibarua wasioonekana
waliokuwa wakila sumu kwa niaba yetu sote.
Tone la dawa kwenye kijichupa; kikageuka kijani.
Amonia, haina rangi, haina kelele.
Asubuhi wawili wa Zdislava walikuwa wamelala ubavu.

Ndipo nikafungua daftari lake.
Mwandiko mdogo, kama wa mtu anayekopa wino.

*Machi 3. Nitriti sifuri. Nitrati ishirini.*
*Machi 10. Nitriti sifuri. Nimepogoa majani.*
*Machi 17. D. ameniletea samaki watano, zawadi ya kuzaliwa.*
*Hawaingii. Nimewarudisha dukani.*
*Nimemwambia wamekufa.*

Nawakumbuka wale watano.
Alinionyesha chungu cha maua: wamo humu.
Nikavua kofia.
Miaka tisa nimemwagilia kaburi lisilo na mtu.

Nilicheka mpaka jirani wa chini akagonga bomba la joto.
Nikacheka tena, nikakaa chini,
kisha sikuwa nacheka.

Nikabadilisha maji ndoo moja leo, moja kesho, moja keshokutwa,
maana hata nafuu ikija kwa kishindo huua.
Otakar akaniazima sifongo chafu ya tangi lake, inanuka udongo,
zawadi iliyopita zote.
Nikawatia kambare wake kwenye mfuko, akawachukua bila neno.
Mwalimu naye alimpokea diwani wake, akaniuliza tu anakula nini.

Kwa Bibi Hrubá nilisimama na gupi sita ndani ya koti.
Nilikuwa nimeuandaa uongo wa kurithi,
lakini marehemu gani anapiga mkia kifuani mwa mtu?
"Tangi ni dogo," nikasema.
"Najua," akasema. "Zdislava alishanirudishia mara mbili."

Wamebaki saba, na konokono.
Nitriti sifuri. Naandika kwenye daftari lile lile,
mwandiko wangu mkubwa, unakula mistari miwili.
Kuna nafasi ya wawili.
Naiacha.